Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tathmini ya kiuhalisia kwenye miradi ya afya, kwa sisi wa Kanda ya Ziwa

Haya maswali yanatoka kwa watu wa ufuatiliaji na tathmini, wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, na watu wa halmashauri walioambiwa tu "safari hii mfadhili anataka ya kiuhalisia" halafu wakaachwa wenyewe. Majibu nimeyaweka kwa mifano ya huku kwetu ziwani maana ile ya vitabuni mingi ni ya Uingereza.

Tathmini ya kiuhalisia ni kitu gani hasa?

Ni namna ya kutathmini mradi ambapo huishii kuuliza umefanya kazi au haujafanya, unauliza umefanya kazi kwa nani, wapi, kipindi gani na kwa nini. Wazo lenyewe liko hivi, mradi wenyewe haumbadilishi mtu. Mradi unaleta kitu, labda dawa, labda semina, labda nauli ya kwenda kliniki, halafu mtu akishakutana na hicho kitu anakifikiria, anapima faida na hasara zake, anaamua, na huo uamuzi wake ndo unaozaa matokeo. Sasa mtu wa kisiwani Ukara haishi maisha ya mtu wa Nyegezi, Mwanza mjini, kwa hiyo kitu kilekile kikifika sehemu zote mbili kinaweza kuamsha mawazo tofauti kabisa.

Unachotafuta ni muktadha, mekanizimu na matokeo, vikiwa vimefungamana. Ukikuta makala ya Kiingereza imeandika CMO (context, mechanism, outcome) ndo hizo hizo. Sisi tunaziita M tatu.

Nani alianzisha?

Ray Pawson na Nick Tilley, Waingereza, kwenye kitabu chao cha 1997. Wala hawakuanza na afya, mfano wao maarufu ni kamera za ulinzi kwenye maegesho ya magari. Kamera haimkamati mwizi mkono, sasa wizi unapunguaje? Labda mwizi anaogopa kuonekana, labda mwenye gari akiona kamera anakumbuka kufunga milango, labda watu wengi zaidi wanaanza kuegesha pale na macho yanakuwa mengi. Kila njia inahitaji aina yake ya maegesho. Nyuma yao kuna falsafa ya Roy Bhaskar ya miaka ya 1970, ukiwa na haraka iruke kwanza, utairudia ukifika kwenye tasnifu.

Mekanizimu ndo inanichanganya. Si ndo shughuli za mradi?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Kugawa dawa ni shughuli. Mekanizimu ni kile kinachotokea ndani ya mtu baada ya kukutana na dawa, yaani mradi umeweka nini mezani na yule mtu amekifikiriaje. Makala ya Dalkin na wenzake ya 2015 inaligawa hivyo hivyo, rasilimali upande mmoja na fikra za mtu upande wa pili, na kwa kweli ikikusaidia sehemu moja tu itakuwa hapo.

Chukua ugawaji wa dawa ya kichocho shuleni. Mwalimu anasimamisha ile fito ya kupima urefu ukutani, mtoto anasogea, urefu wake unasema apewe vidonge vingapi vya prazikwanteli, vidonge vyenyewe vikubwa na vichungu. Anameza mbele ya mwalimu. Baadaye kuna mtoto anapata kizunguzungu, mwingine tumbo linamsokota, mwingine anatapika, na mara nyingi wanaosumbuliwa zaidi ni wale wenye minyoo mingi mwilini, yaani wale wale uliokuwa unawatafuta kuliko wote. Jioni taarifa iko nyumbani. Kama mzazi alishaambiwa mapema kwamba hali hiyo inatokea na inapita, na mtoto alikula uji kabla ya kumeza, mzazi anasema dawa imefanya kazi. Kama hakuambiwa kitu anasema mtoto wangu amelishwa nini. Dawa ni ile ile, fikra mbili. Mwaka 2008 kule Morogoro hiyo fikra ya pili ilishika moto mpaka zikatokea vurugu mashuleni. Ukiandika kwenye ripoti "mekanizimu: ugawaji wa dawa" hayo yote umeyafukia.

Na muktadha? Tayari tunaandika wilaya, idadi ya watu na hali ya hewa.

Hiyo ni sura ya kwanza ya ripoti, ambayo hakuna anayeisoma. Muktadha kwenye tathmini hii ni ile hali inayofanya mekanizimu iwake au izime, kama haigusi mekanizimu yoyote iache.

Kwa wavuvi wa dagaa muktadha mkubwa kuliko yote pengine ni mwezi, yaani mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai sasa hivi nyingi ni za sola, na taa inawavuta dagaa vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwa kali kazi inapungua au inasimama kabisa, watu wako kambini wanashona nyavu, wengine wamerudi kwao. Sasa timu ya afya inakuja na ratiba iliyopangwa mjini kufuata robo ya mwaka wa bajeti, inafika katikati ya siku za giza saa tatu asubuhi, mvuvi ametoka majini alfajiri amelala fofofo, halafu ripoti inaandika "mwitikio wa wanaume ulikuwa hafifu kutokana na uelewa mdogo". Uelewa gani? Mtu kalala!

Muktadha mwingine ni tajiri, mwenye mtumbwi na injini. Kijana wa kazi hana siku ya kuumwa, akikosa leo nafasi yake anapewa mwingine. Na kuhamahama, mvuvi uliyempima mwezi huu Kayenze mwezi ujao unaweza kumkuta kisiwani Ukerewe, kwa hiyo kila ukisikia mradi unaohitaji mtu arudi mara ya pili na ya tatu jiulize atarudi wapi.

Kuna mfano wa kweli mkubwa, siyo wa dagaa?

Upo, na umetokea hapa hapa. Mwaka 1991 Mwanza vijijini ulianza utafiti kwenye jamii 12, wazo likiwa kwamba magonjwa ya ngono kama kisonono na kaswende yanarahisisha VVU kuingia, basi ukiyatibu vizuri utapunguza maambukizi ya VVU. Jamii 6 zikaboreshewa huduma kwenye vituo vyao vya kawaida, wahudumu wakafundishwa kutibu kwa kufuata dalili bila kusubiri maabara, dawa zikawa zinapatikana muda wote, na usimamizi ukawepo. Matokeo yakatoka 1995, baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa chini kwa kama asilimia 40 ukilinganisha na zile jamii 6 nyingine. Dunia nzima ikageuka kuangalia Mwanza.

Halafu ng'ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, wakafanya kitu ambacho kwa kukitazama kina nguvu zaidi, wanapita nyumba kwa nyumba wanawapa dawa watu wazima wote wenye dalili na wasio na dalili, kila baada ya miezi 10. Matokeo 1999: baadhi ya magonjwa ya ngono yalipungua, lakini maambukizi mapya ya VVU hayakupishana kati ya waliopewa na wasiopewa.

Ukiwa mtu wa "imefanya kazi au haijafanya" hapo umekwama, moja ndiyo moja hapana, unapiga wastani au unachagua unayemshabikia. Ukiwa mtu wa uhalisia hapo ndo unakunja mikono ya shati. Mwanza VVU ilikuwa kwa kama asilimia 4 ya watu wazima, janga bado changa, maambukizi mengi yanapita kwa watu wenye wapenzi wengi na magonjwa ya ngono ya kutibika. Rakai ilikuwa kama asilimia 16, janga limekomaa, maambukizi mengi yako ndani ya ndoa na kwa watu wasio na hayo magonjwa, na tutuko za sehemu za siri (hapesi) ambazo antibayotiki haziziwezi zilikuwa na mchango mkubwa. Juu ya hapo angalia anavyofanya mgonjwa mwenyewe. Mwanza mtu anasikia maumivu leo, anajua zahanati ina dawa, anakwenda leo. Rakai dawa inamfuata kwa kalenda, akiambukizwa upya wiki mbili baada ya timu kuondoka, zile dawa zinarudi baada ya miezi 9 na ushee. Hizo sababu watafiti walizijadili miaka mingi, na utaona kila moja ni kipande cha M tatu hata kama wao hawakuziita hivyo.

Kwa hiyo majaribio ya kupanga kwa bahati nasibu nani apate mradi na nani asipate hayana maana?

Sijasema hivyo, na wanaosema hivyo wananiudhi kidogo. Wilayani Misungwi hapa Mwanza walijaribu aina nne za vyandarua, matokeo yakatoka 2022, baada ya miaka miwili malaria kwa watoto ilikuwa kama asilimia 46 kwenye vyandarua vya kawaida vyenye dawa ya pairethroidi peke yake na kama asilimia 26 kwenye vile vilivyoongezewa dawa nyingine ya mbu, klofenapiri. Huwezi kulijua hilo kwa kukaa na watu chini ya mwembe. Lakini pia jaribio lenyewe halikuambii kwa nini kaya hii chandarua kimedumu na kaya ile kimechanika kikaishia kufunika miche ya bustani, wala mtu anayeshinda usiku kucha majini chandarua kinamsaidiaje. Maswali mawili, kila moja na kifaa chake. Zipo tathmini zinafanya vyote kwa pamoja, bajeti ikiruhusu.

Naanzia wapi?

Anza na nadharia ya awali ya mradi. Jina linatisha bure, ni kuandika tu ulivyosikia watu wanavyodhani mradi utafanya kazi. Soma andiko la mradi, kaa na walioubuni, kaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao ndo wanajua ukweli, halafu andika sentensi zenye "ikiwa", "basi" na "kwa sababu". Hiyo "kwa sababu" ndo roho yake na ndo watu wanaiacha. Mfano: ikiwa dawa ya kichocho itagawiwa mwaloni (pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki) siku za mbalamwezi na matajiri wameshirikishwa kabla, basi wavuvi wengi watameza, kwa sababu mtu hataogopa kupoteza nafasi yake kwenye mtumbwi. Umeona? Hiyo unaweza kwenda kuipima, unaweza pia kuikuta siyo. Andika kadhaa, siyo thelathini, chache zenye maana.

Tofauti yake na logframe, lile jedwali la mpango wa mradi?

Logframe inakwenda kutoka shughuli mpaka matokeo kwa mishale, na mishale haijielezi. Tathmini ya kiuhalisia inakaa ndani ya ule mshale.

Mahojiano yake yanafanywaje?

Hapa kuna kitu kinawashangaza waliofundishwa kwamba mhojaji hatakiwi kuonyesha anachofikiri. Kwenye mahojiano ya kiuhalisia nadharia yako unaiweka mezani, mwenzako anaisahihisha, wewe mwalimu kidogo halafu mwanafunzi, mnabadilishana. Tuseme uko mwaloni unaongea na mama anayeanika dagaa:

"Shikamoo mama. Sisi tunahisi vijana hapa hawamezi dawa ya kichocho kwa sababu ya kizunguzungu, wanaogopa kupanda mtumbwini hivyo. Hapo tumepatia au tumekosea?"

"Marahaba. Umepatia nusu mwanangu. Kizunguzungu kinapita hata jua halijazama. Shida tajiri akimkuta kijana kajilaza anajua kalewa, kesho anaita mwingine."

Ona kilichotokea, ulikuja na hofu ya dawa ukaondoka na hofu ya tajiri, na suluhisho lake ni tofauti kabisa, badala ya kuchapisha mabango mengine ya kuelimisha madhara madogo ya dawa unakwenda kukaa na matajiri na viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo. Ungeuliza tu "kuna changamoto gani" ungejibiwa "elimu bado ni ndogo tunaomba mtuongezee", maana watu wa huku wameshahojiwa sana wanajua jibu linalomfurahisha mgeni.

Tahadhari moja, ukiwa na kitambulisho shingoni na umeshuka kwenye gari jeupe watu watakubaliana na nadharia yako hata iwe mbovu. Kwa hiyo wape nadharia mbili zinazopingana waamue, au sema "kuna watu wa mwalo mwingine wanasema hivi, wengine wanakataa". Mzee ukimwambia usoni "je, nimekosea" kwa heshima tu anaweza kukwambia hapana mwanangu uko sawa kabisa.

Nihoji watu wangapi?

Hakuna namba. Unachagua mtu kwa sababu kuna kipande cha nadharia yeye anakijua, mtu wa dawa anajua dawa ziliisha lini, tajiri anajua nani alilala. Ukirudi mara ya pili kwa mtu yuleyule na swali lililonoleka zaidi ni bora kuliko kumi wapya wa kujazia jedwali.

Uchambuzi ndo nimekwama, nina jedwali la safu tatu na kila kitu nimekitumbukiza humo.

Karibu chamani. Jedwali linakudanganya kwamba ukishapanga muktadha kushoto, mekanizimu katikati na matokeo kulia umemaliza, kumbe umepanga orodha tatu zisizojuana. Andika sentensi nzima: katika hali hii, mtu huyu alipopewa hiki alifikiri hivi, ndo maana akafanya vile. Ukishindwa kuiandika sentensi bila kuruka "ndo maana" basi bado huna kitu.

Anzia kwenye matokeo urudi nyuma. Umekuta mialo miwili jirani, mmoja waliomeza dawa ni wengi mwingine ni wachache, jiulize lazima kuna nini kisichoonekana kinachofanya iwe hivi, halafu urudi kwenye data kutafuta ushahidi wa kukukatalia, siyo wa kukubaliana na wewe. Na data siyo mahojiano tu, rejesta ya zahanati ni data, leja ya dawa ni data, kalenda ya mwezi nayo ni data.

Matokeo yakiwa sifuri je? Bosi amechanganyikiwa.

Sifuri ina mengi ya kusema. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenye jamii 20 za vijijini Mwanza, 10 zikapewa mradi na 10 zikawa za kulinganisha: masomo ya afya ya uzazi shule za msingi, vituo vya afya vinavyowapokea vijana, kondomu, shughuli za jamii. Maarifa ya vijana yaliongezeka, kweli, tena hata walipopimwa tena miaka ya 2007 na 2008 tofauti bado ilionekana. VVU haikupungua. Kwa jicho la uhalisia unakata hapo katikati: rasilimali ya elimu ilifika, fikra ilibadilika kiasi, lakini uamuzi wa binti kuhusu ngono haukuwa unategemea anachokijua peke yake. Kama kwenye jamii ni kawaida msichana kupewa zawadi au hela, na anahitaji sabuni na daftari, na mwanaume ni mkubwa kwake, basi maarifa yanakutana na muktadha usioyapa nafasi. Halafu masomo yenyewe yanafundishwa na mwalimu mwenye fimbo, darasani ambako mtoto hajazoea kuuliza swali, sasa uanze tu kuuliza mambo ya kondomu? Mpelekee bosi hiyo, ina faida kuliko kutafuta kiashiria kingine kilichopanda kidogo.

Mfadhili anataka namba.

Mpe. Tathmini hii haikatazi namba. Tofauti ni kwamba unazikata kwa makundi ambayo nadharia yako imeyataja, usitoe asilimia moja ya wilaya nzima. Wastani wa wilaya unaweza kuwa asilimia 60 wakati shuleni ni karibu wote na mwaloni ni robo, hizo namba ni za kutolea mfano tu, na hakuna sehemu hata moja ambako hiyo 60 inaishi.

Mapitio ya kiuhalisia ni kitu kingine?

Ni fikra zile zile ila unapitia tafiti zilizokwishafanyika badala ya kwenda uwanjani. Kuna miongozo ya RAMESES, ya mapitio ilitoka 2013 na ya tathmini ikatoka 2016, inapatikana bure, isome kabla hujaandika mbinu zako maana wasimamizi wengi wataiulizia.

Vibali?

Kama utafiti wowote wa afya nchini, kibali cha maadili kwanza, halafu barua zinashuka mkoa, halmashauri, kata, kijiji, na mwaloni upite kwa BMU. Anza mapema. Kitu cha pekee hapa ni kwamba nadharia zako zitabadilika katikati na maswali nayo yatabadilika, kwa hiyo kwenye andiko sema wazi tangu mwanzo kwamba mwongozo wa mahojiano utaboreshwa na eleza mipaka yake, usije ukarudi kuomba marekebisho kila wiki. Na usiri kwenye mwalo mdogo ni kazi, ukiandika "mwenye mitumbwi mikubwa wa mwalo X" kila mtu ameshamjua.

Sina bajeti wala muda, nina wiki tatu. Niache?

Usiache, punguza. Chagua nadharia moja tu inayowaumiza kichwa zaidi, chukua sehemu mbili zenye matokeo yanayopishana, ongea na watu wachache wanaojua, na uangalie rejesta. Usiiite tathmini kamili ya kiuhalisia kwenye jalada, andika imetumia mtazamo wa kiuhalisia, utaepuka ugomvi na wahakiki. Kabla ya kupanga tarehe za kwenda mwaloni angalia kalenda, ukikuta wiki zako zote zimeangukia kwenye giza omba kuzisogeza, na kama haiwezekani nenda jioni kabla mitumbwi haijashuka majini, saa kumi hivi, wakati wanapakia taa na mafuta, pale wanaongea vizuri tu.